Utando wa Maganda na Maharage ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza. Magunia mawili ya maganda ya muhogo yameingia nyumbani, bure kabisa. Wamenyaji wa sokoni walikuwa wanayatupa mtaroni. Watu hawajui wanachotupa! Ndani ya ganda kuna wanga. Wanga ukipikwa na maji, siki kidogo na glisirini, ukamwagwa juu ya kitu bapa ukakauka, unapata utando. Plastiki isiyo plastiki. Unafunikia chakula, ukimaliza unautupa shambani, udongo unaula na kushukuru.

Ushirika wa wakulima umetangaza maonyesho tarehe 15. Kila mtu alete kitu cha manufaa kilichotokana na mabaki ya shamba. Mshindi atapewa chumba cha mizani ya zamani akitumie mwaka mzima. Nimekichungulia dirishani. Meza ya saruji, bomba la maji, rafu tatu.

Miaka ishirini na saba nimeosha chupa za maabara ya shule. Nimepanga, nimefuta, nimebeba. Sijawahi kuwa na meza yangu. Hata hii shajara naandikia juu ya cherehani mbovu.

Mke wangu aliuliza maganda yatakaa wapi. Nikasema jikoni, siku mbili tatu tu. Akasema siku zangu mbili tatu anazijua. Zile za sabuni ya majivu zilichukua miezi minne na nyusi zangu.

Nikayasogeza magunia jikoni. Mtu mzima habishani.

Jumanne, 4 Juni

Nimetwanga maganda kwenye kinu cha mke wangu. Nimechuja kwa pazia. Pazia lilikuwa la zamani, isitoshe hatuna wageni. Nikaacha ndoo itulie, na kweli, wanga ukatuama chini, mweupe, laini. Nilifurahi mpaka nikamwita mtu aone. Hakukuwa na mtu. Mke wangu alikuwa kwenye meza yake ya ushonaji sokoni.

Nikapika katika sufuria kubwa. Uji ukageuka mzito, ukang'aa. Nikaumwaga juu ya bati safi, nikauanika uani, nikaingia ndani kunywa chai.

Kuku wa jirani! Amepita kuanzia kona hii hadi kona ile, taratibu, kama mkaguzi. Alama za vidole vitatu vitatu kila hatua.

Jirani mwenyewe, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimwi, aliegemea ukuta akauliza kama hiyo ndiyo mihuri ya kiwanda. Sasa ananiita Profesa Maganda. Mpaka jioni watu watatu wameniita hivyo, na mmoja simjui.

Mke wangu amepikia nje. Sufuria yake kubwa imeshika ukoko wa wanga usiotoka hata kwa mchanga. Nilimweleza kwamba huo ni ushahidi wa uimara wa bidhaa. Alicheka, lakini si kile kicheko cha kufurahi.

Alhamisi, 6 Juni

Msiba. Nimekutana na Mwalimu dukani.

Mwalimu wa kemia, yule niliyemwoshea chupa miaka yote hiyo. Alikuwa ananunua glisirini. Nami nilikuwa nanunua glisirini. Tukatazamana. Muuzaji akasema zimebaki chupa mbili, Mungu mkubwa.

Naye anakwenda kwenye maonyesho! Utando wa maganda ya mahindi. Anasema wake ni mwangavu, unasoma gazeti kwa nyuma yake. Wangu hata taa haionekani. Ataufungia matango, awaonyeshe watu kwamba hayanyauki. Kisha akanishika bega akasema nilikuwa na mikono mizuri sana, maabara haijapata mikono kama ile tangu niondoke.

Mikono! Na kichwa nilikiacha nyumbani miaka ishirini na saba?

Akaniuliza mimi utando wangu utalinda nini. Nikagundua sikuwa nimefikiria. Nikasema ni siri. Nimerudi nyumbani nikitafuta siri yenyewe. Nimejaribu nyanya: utando umeteleza. Nimejaribu kitunguu: kina ganda lake tayari, kinanicheka. Nimejaribu kiatu. Bora nisiandike.

Jumapili, 9 Juni

Leo sikupika utando. Naandika polepole.

Baada ya chakula mke wangu aliteremsha kibuyu cha mbegu kutoka rafuni. Ni maharage ya mama yake, mekundu ya kuiva, kila punje ina jicho jeupe. Mama mkwe aliyapata kwa mama yake. Siku tunaoana alimpa binti yake kibuyu hicho, akasema vyombo vitavunjika na nguo zitachakaa, hiki ukikitunza hutalala njaa. Mama mkwe hayupo sasa, ni mwaka wa pili. Kaka zake mke wangu wote wanapanda mbegu za kununua. Maharage ya jicho jeupe yamebaki kwetu tu.

Alimimina kwenye ungo. Unga ukatoka kwanza. Fukusi! Wametoboa zaidi ya nusu. Alikaa kizingitini akichagua punje moja moja, nzima huku, tundu kule. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nzima zilikuwa sitini na moja. Akazihesabu tena, zikawa sitini na moja vilevile. Akasema kosa ni lake, hakubadilisha majivu kwa wakati kama mama alivyomfundisha. Akasema zikienda hizi, mama yake ameenda mara ya pili.

Niliumia. Naandika hapa kwa kuwa pale mdomo ulikuwa mzito. Nilitaka kumshika mkono. Badala yake nikamwambia kuhusu utando. Fukusi hawezi kupita kwenye utando, nikasema, tuzifungie humo, zitakaa miaka.

Alisema hapana. Akasema sufuria nichukue, kinu nichukue, pazia nimeshalichukua, lakini hizi nisiziguse. Alitia majivu mapya ya moto wa leo yaliyochekechwa, akafunga mdomo wa kibuyu kwa gunzi, akakirudisha juu.

Nimemwelewa kabisa. Hata hivyo majivu ni mambo ya kale.

Jumatano, 12 Juni

Nimezigusa.

Sababu ya kwanza ni upendo. Sababu ya pili ni chumba cha mizani. Leo asubuhi niliziweka kwenye mizani ya moyo na nikaona zinalingana. Mwalimu atakuja na matango, ambayo yeyote anaweza kununua. Mimi nitakuja na mbegu pekee zilizobaki duniani. Na mke wangu akiziona zimekaa salama mbele ya watu wote, atajua nani alikuwa na akili.

Nilingoja aende kazini. Nikateremsha kibuyu, nikatoa zote sitini na moja. Kisha nikafikiria: akikitikisa je? Nikanunua maharage mekundu dukani, nikahesabu sitini na moja, nikayatia ndani ya majivu. Hayana jicho jeupe, lakini majivu hufunika mengi.

Nimetengeneza pakiti tisa. Tabu ni moja: utando ukikauka sana unapasuka. Pakiti ya kwanza imepasuka pa! mfano wa ukoko. Nikapika mwingine, nikaongeza glisirini. Ukapasuka kidogo. Ndipo nikapata wazo la fundi. Nimefungia mbegu utando ukiwa bado mbichi, tabaka mbili, na pakiti zote nimezilaza katika kopo la biskuti chini ya kitambaa chenye unyevu. Kopo liko rafuni juu ya jiko, kwenye joto la wastani. Sasa utando ni laini, umenyooka, hauna ufa hata mmoja. Narudia kulowesha kitambaa asubuhi na jioni.

Mwalimu hakuwahi kunifundisha hili. Nimelivumbua mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Mke wangu amenishonea kifungo cha shati jeupe. Ameligeuza kola, upande uliochakaa ukaingia ndani. Ameipiga pasi suruali mpaka mstari wake unaweza kukata mkate. Nikamwambia asijisumbue.

Akasema kesho atafunga cherehani mapema aje maonyesho. Nikamwambia hasa hapo asijisumbue! Kutakuwa na jua, vumbi, hotuba. Akasema miaka ishirini na tisa ameniona nikisimama nyuma ya watu wengine nikishika trei zao. Anataka kuniona mara moja nimesimama mbele, hata kama ni kwa ajili ya maganda.

Sikuweza kumaliza chai.

Nilikaribia kumwambia. Kweli kabisa, nilifungua mdomo. Lakini Redio akapiga hodi kuazima chumvi, na baada ya Redio hakuna siri inayofaa kusemwa. Nikaenda kulowesha kitambaa. Nikaona pakiti zimevimba kidogo. Nzuri. Zinaonekana zimeshiba.

Jumamosi, 15 Juni

Nieleze kwa mpangilio, maana kichwa hakijatulia.

Saa nne tulikuwa kwenye ua wa ushirika, meza kumi na nne. Mwalimu alipangiwa kando yangu. Matango yake yaling'aa. Aliweka na gazeti nyuma ya utando, watu wakasoma matokeo ya mpira. Mimi nikaweka kopo langu la biskuti, nikalifunika, nikasubiri.

Bwana shamba ndiye aliyekuwa anaamua. Alikuja na karatasi zake na watu nyuma yake. Nikatoa hotuba. Nikasema fukusi ni adui, nikasema utando huu haupitishi mdudu wala unyevu wala wakati. Nikasema mbegu zilizomo zimelala salama kama siku zilipowekwa. Nikafunua kopo.

Hazikuwa zimelala.

Kila pakiti imepasuka! Mizizi myeupe imetoboa utando, imejikunja, imeshikana. Nyingine zimeshainua shingo. Nilisimama na kifuniko mkononi. Mwalimu aliinama, akanusa, akaniangalia kwa upole wa kutisha. Akaninong'oneza kama nilizifungia mbichi. Nikamnong'oneza anyamaze.

Halafu bwana shamba akapiga meza. Akasema haya ndiyo mambo! Utando wa kuoteshea! Mkulima anazika pakiti nzima, mbegu zinapata unyevu wao wenyewe, utando unaoza, hakuna taka. Akaniuliza kama nilikusudia nafasi hiyo kati ya punje na punje. Nikamsikia mtu akijibu kwamba ilipimwa kwa makini. Mtu huyo alikuwa mimi.

Nimeshinda. Wamenipa ufunguo mbele ya umati. Watu wakapiga makofi, Redio zaidi ya wote. Nikainua ufunguo juu, na ndipo nikamwona mke wangu mstari wa kwanza, na futi yake ya ushonaji bado shingoni.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kopo. Maharage yakivimba, jicho jeupe linakuwa kubwa zaidi. Punje sitini na moja zilikuwa zinamtazama.

Alikuja hadi mezani. Nilijiandaa kwa kelele, na ningeshukuru. Alivua mtandio wake, akaufunika juu ya kopo ili jua lisizichome, akalibeba kwa mikono miwili na kuondoka. Watu walimpisha. Bwana shamba aliuliza huyo mama ni nani. Mwalimu, Mungu ambariki na amlaani, akajibu kwamba ni mwenye mbegu.

Jumapili, 16 Juni

Ufunguo uko juu ya meza. Hakuna aliyeugusa.

Nilimkuta uani alfajiri akilima nyuma ya bafu, mahali pekee penye kivuli. Mvua ni miezi mitatu mbele. Kila mtu anajua huwezi kupanda maharage sasa. Lakini mbegu ikishaota haiwezi kuambiwa irudi kulala. Ama ardhini, ama jalalani.

Nikamwambia samahani. Nilisema yote, pamoja na maharage ya dukani ndani ya kibuyu. Hilo la kibuyu hakuwa analijua. Nilipaswa kuliacha.

Aliendelea kulima. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba siku tatu nililowesha kitambaa asubuhi na jioni ili utando usipasuke. Hata mara moja sikufungua kuangalia mbegu. Akasema nililinda kifuniko nikaacha kilichofunikwa. Akasema si fukusi waliomchosha maishani.

Maneno hayo yameingia. Nimeyaandika neno kwa neno ili nisiyasahau.

Tulipanda pamoja. Tatu zilikuwa zimevunjika mizizi. Zilizobaki hamsini na nane hatukuweza kuzibandua kwenye utando bila kuziua, tukazizika nao. Kazi ya maji nimepewa mimi, ndoo sita kwa siku, kutoka bomba la barabarani. Sikuomba punguzo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefungua chumba cha mizani. Meza ya saruji, baridi, pana. Niliweka viganja viwili juu yake nikasimama hivyo kitambo. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Hodi. Mwalimu, na kikapu cha matango. Akasema chumba ni kikubwa kwa mtu mmoja. Akasema anajua ninachojua. Akasema yeye si mtu wa maneno. Sasa nusu ya meza ni yake, nusu yenye dirisha.

Saa tano aliniomba nimwoshee chupa. Niliosha. Mazoea yana taabu.

Jumamosi, 22 Juni

Malengelenge saba. Ndoo ya sita huwa inamwagika nusu njiani, kwa hiyo nabeba na ya saba. Redio ananihesabia kutoka ukutani.

Leo asubuhi zimechomoza! Kwanza ufa mdogo, kisha shingo, kisha majani mawili yaliyokunjwa. Tulipiga magoti wote wawili, tukahesabu. Arobaini na nne. Mche mmoja umetoka na kipande cha utando kichwani, kama kofia. Mke wangu akakitoa kwa kucha. Kikavunjika vidoleni mwake, kikawa udongo. Alicheka kidogo. Hicho kilikuwa kile kicheko chenyewe, nilikitambua. Sikuwa nimekisikia tangu maganda yaingie.

Akasema mama yake angecheka pia. Nikakaa karibu naye. Nilikuwa na furaha, basi, sina namna nyingine ya kuiandika.

Kisha nikachunguza udongo. Utando wote umeoza kwa siku sita! Nilimwambia kwamba, ukitazama vizuri, jaribio limefanikiwa. Alinipa ndoo.

Jumamosi, 21 Septemba

Maharage yamevunwa, yamekauka, yamepigwa. Mke wangu aliyachagua siku mbili. Jicho jeupe, yote. Alichekecha majivu, akajaza kibuyu hadi shingoni mbele ya macho yangu, akakifunga kwa gunzi, akakipandisha rafuni. Sufuria kubwa nayo imetakata. Amani imerudi. Ndoo mia tano na kitu nimebeba, na nimezisoma tena kurasa za Juni. Aya ile ya tarehe 16 nimeipigia mstari. Mtu hujifunza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kosa la Juni lilikuwa unyevu peke yake. Utando mpya nimeutia nta ya nyuki. Nimeukausha siku nne juani, sikugusa kitambaa. Haupasuki, hautelezi, fukusi niliyemfungia humo alikata tamaa. Kilichobaki ni jaribio la mbegu halisi. Punje kumi. Kati ya kibuyu kizima, kumi ni nini? Na safari hii nitafungua kila siku kuangalia.

Mke wangu ameenda kazini saa mbili. Saa mbili na dakika tano nilikuwa juu ya kigoda.

Nilimimina kwenye ungo. Majivu, majivu, mchanga mwingi wa kuongeza uzito, halafu maharage. Mekundu. Nikayapangusa kwa shati. Nikayageuza. Hakuna jicho. Nikayahesabu.

Sitini na moja. Yale yale ya dukani niliyoyatia mwenyewe mwezi wa sita. Kumbe aliyatunza!

Nilikaa kizingitini, pale pale alipokaa yeye. Nimefikiri sana. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, na mke anambadilishia mumewe maharage kibuyuni! Nyumba haijengwi hivyo. Uaminifu uko wapi? Nimehuzunika kwa dakika nyingi, kweli.

Halafu nikakumbuka kwamba juzi alimtembelea dada yake, akaenda na mfuko mzito, akarudi mikono mitupu.

Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kesho nitaenda kumjulia hali shemeji, ni muda mrefu sijamwona, na si vizuri ndugu kusahauliana. Nitabeba zawadi. Nitaitia katika lile kopo la biskuti, ili nisirudi na kopo tupu.